Wa Mwisho Kwenye Mpira wa Maji

"Achia mpira, Mama Alvin! Mboga zangu za lengalenga zinakufa!"

"Siachii! Nimetoka shifti ya usiku, na mboga yangu ya saga pia ina kiu. Kwani maji ni ya mumeo?"

Walivutana. Maji yakawarukia wote wawili. Majirani tukatoka mbio. Nani angebaki ndani? Pamba ya miti ilikuwa ikielea hewani, kama kila Juni hapa ughaibuni, Brooklyn Center. Ilishuka polepole, ikatua vichwani mwao.

Bustani ya apatimenti yetu ina bomba moja na mpira mmoja. Pascasie, yaani Mama Merveille, mwenye lengalenga, ametoka Kongo. Kemunto, Mama Alvin, ni Mkenya. Meneja alishatuonya: "Nikisikia ugomvi tena, nafunga bomba." Bomba likifungwa, hakuna mboga.

Ndipo akaja jirani yetu Rojin, Mkurdi kutoka kaskazini mashariki mwa Syria. Kiingereza chake ni cha polepole, na Pascasie hakijui. Ikabidi Kemunto atafsiri, mpira bado mkononi.

"Kwetu vita vilikata maji," alisema Rojin, kama anayesimulia ndoto. "Tulingoja lori la maji. Mtaa ukakaa baraza, Wakurdi, Waarabu, wote. Wenyeviti wawili, mwanamke na mwanamume. Tulisema maji na ardhi si vya mwenye nguvu. Wanaovitumia waamue pamoja."

"Na mlielewana?" Pascasie akauliza.

"Tulipigiana kelele sana!" Rojin akacheka. "Lakini mtaani kwetu, aliyefikiwa na maji mwisho alisema kwanza."

Jioni hiyo tukaketi baraza nyasini. Tukawachagua wenyeviti wawili: Kemunto, na Janvier, mume wa Pascasie.

"Janvier? Nyumbani hata rimoti hapewi!" mtu akasema. Tukacheka mpaka machozi.

Kemunto akauliza, "Haya, nani yuko mwisho wa mpira?"

Tukageuka. Shamba la mwisho lilikuwa kavu, matango yamesinyaa kama kamba. Lilikuwa la Rojin.

Pascasie akashika kifua. "Jamani, mama, mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nangoja baraza," alisema Rojin.

Basi tukakubaliana. Anaanza wa mwisho. Anayetoka shifti ya usiku anapewa zamu ya alfajiri. Mchana hatumwagilii, maana jua hukausha maji kabla hayajafika kwenye mizizi. Na udongo tunaufunika kwa majani makavu, ukae na unyevu.

Meneja hakulifunga bomba. Kufikia Agosti matango yalikuwa yamepanda uzio, na nyuki wanavuma humo mchana kutwa, sauti ya kukulaza usingizi.

Jioni moja dirisha la Pascasie lilinukia lengalenga na mawese. Kemunto alikuwa ameshakaa mezani, kijiko mkononi. Nje, Rojin alikuwa akikunja mpira.

"Rojin!" Pascasie akaita kwa Kiswahili akimpungia mkono, bila kungoja mtafsiri. "Tuko mezani, hatujagusa kitu. Tunaanza na wa mwisho. Ingia ule!"