Kufuli la Mtani

Sogeeni, enyi mliokusanyika. Mlioketi mlangoni ingieni ndani, na mwenye mtoto amtulize. Sikuja kuwaburudisha. Nimekuja na jambo lililompata Sakiusa, kaka wa mke wangu, hapa hapa Suva, mchana kweupe, na Mungu aliye juu anajua kwamba siongezi neno. Mwenye masikio na asikie, maana sikio ni mlango ambao uzima huingilia, na mauti pia.

Ilikuwa Jumanne ya mvua kama Jumanne nyingine. Nilikuwa msimamizi wa mafundi katika jengo la ofisi la ghorofa saba, karibu na bandari. Sisi hatukuwa watu wa jengo lile. Tulikuwa makandarasi, wageni wa kila siku, na mgeni ana sheria zake. Kila asubuhi niliwasomea mafundi kanuni mbele ya meza ya Losalini, mlinzi wa mlangoni. Kila mtu aandike jina lake daftarini kwa mkono wake mwenyewe, na saa aliyoingia. Akitoka, aandike tena. Anayekwenda kufungua mtambo azime umeme kwanza, aifunge swichi kwa kufuli lenye jina lake, na ufunguo akae nao mwilini. Kufuli la mtu haliguswi na mwingine, hata awe bosi.

"Shemeji," Sakiusa aliniambia asubuhi ile, "ungekuwa mchungaji, waumini wangekoroma kabla ya wimbo wa kwanza."

Walicheka. Nami nikacheka. Bwana anirehemu.

Aliyecheka kuliko wote ni Kaminieli, fundi wa viyoyozi. Huyu na Sakiusa walikuwa watani wa kuzaliwa. Visiwa vyao vinahesabu babu mmoja wa kale, na kwetu watani wa namna hiyo hutukanana bila kukosana, na kila mmoja huchukua cha mwenzake bila kuomba. Aliyechukuliwa haruhusiwi kununa.

"We mwizi, kofia yangu iko wapi?" Sakiusa alimdai.

"Ile? Nimeitawaza. Sasa ina mfalme chini yake."

"Basi leo mihogo yako naila mimi."

"Uile uone! Nitakwenda kumchumbia bibi yako kaburini."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana wakiwa hai wote wawili.

Kaminieli alipanda hadi chumba cha mitambo, ghorofa ya saba. Akazima umeme, akafunga kufuli lake jekundu kwenye swichi, akajipenyeza ndani ya tumbo la feni kubwa. Ufunguo ulikuwa unamchoma kiunoni, nadhani, maana aliutia katika mfuko wa chakula chake na kuuacha nje. Kosa dogo. Lilikuwa dogo kama tundu la sindano, na mauti yakapita humo na ngamia wake.

Sakiusa alikuwa anabadilisha taa katika ghorofa ile ile. Njaa ilipomwuma akauendea mfuko wa mtani wake, kama desturi. Alikula vipande viwili vya muhogo, akakuta ufunguo. Akalifungua kufuli, akalipachika kwenye mkanda wake, ili saa ya chakula amwonyeshe mwenzake nyara. Hakuigusa swichi. Hakujiuliza pia kufuli lile lilikuwa linamlinda nani.

Saa nne watu wa ghorofa ya tano wakalalamikia joto. Nikapanda. Nikaikuta swichi imezimwa, haina kufuli. Penye mtu pana kufuli, ndivyo nilivyosoma asubuhi kwa kinywa changu. Sikuita jina la mtu. Sikuchungulia. Ni mkono huu, ndugu zangu, huu mnaouona, ulioiwasha.

Feni ilizunguka mara moja, ikakwama.

Tulimzika. Sakiusa alikwenda kwa wazee wa Kaminieli na jino la nyangumi, ndilo letu la kuombea msamaha, akapiga magoti mkekani, akatambaa, akalia mpaka sauti ikamkauka. Wazee wakalipokea jino. "Imekwisha," wakasema. "Ulikuwa utani. Hatuna neno nawe." Nami nilisamehewa pale pale, nikiwa nimeinama nyuma yake.

Walio hai walisamehe.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi, Losalini aliniita mezani pake. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. *Kaminieli. Kuingia: saa moja na dakika kumi.* Mwandiko ulikuwa wa Kaminieli mwenyewe, na herufi ya kwanza ilikuwa imepinda vile vile kama alivyozoea kuipinda. Safu ya kutoka ilikuwa tupu.

"Nani anafanya mchezo huu?" nilimnong'oneza.

"Baba, hakuna anayekaribia daftari nisimwone. Leo ni siku ya sita. Nachana ukurasa, kesho yake yumo tena." Akashusha sauti. "Na kanuni inasema nisifunge jengo kama kuna mtu hajatoka. Nifanyeje? Nimtafute?"

Nilimwambia aombe.

Ijumaa ile kukawa na zoezi la moto. King'ora kililia, wote wakashuka, nikawapanga mafundi uwanjani penye magari. Jua lilikuwa kali, bila kivuli hata kimoja. Niliita majina ishirini na mawili. Jina la Kaminieli sikuliita. Kisha nikahesabu vichwa, kama inavyotakiwa.

Ishirini na watatu.

Nikahesabu tena, nikimgusa kila mmoja begani. Ishirini na wawili. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikahesabu kwa macho.

Ishirini na watatu.

Sakiusa alikuwa amesimama mwisho wa mstari. Midomo yake ilikuwa imegeuka majivu.

"Shemeji," alisema, bila kugeuza shingo. "Yuko nyuma yangu."

"Nani?"

"Anapapasa mkanda wangu. Anatafuta."

Nilitazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Lakini mkanda wake ulikuwa unavutwa. Ukivutwa na kuachiwa.

Jioni ile alinieleza yaliyosalia. Hawezi kula, kwa sababu kila anachokiweka mezani anakikuta kimeumwa upande. Anachukuliwa viatu, anachukuliwa shuka usingizini. Mtani anachukua, na yeye haruhusiwi kukataa.

"Anataka kufuli lake," alisema. "Akilipata atatoka."

"Basi mrudishie! Liko wapi?"

Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa. "Nililitupa baharini siku ya mazishi. Nilikuwa siwezi kuliangalia."

Siku mbili alipiga mbizi bandarini kati ya meli za mizigo, akilitafuta, na vijana wa kanisa pamoja naye. Tope tu. Siku ya tatu nilinunua kufuli jipya, jekundu, nikaliandika jina la Kaminieli kwa herufi zile zile. Tuliliombea. Tulifunga saumu na kukesha kwa ajili yake. Niliamini, ndugu zangu. Niliamini kama wale walioipaka damu miimo ya milango.

Jumanne saa nne asubuhi tulipanda. Sakiusa alivua viatu vyake mlangoni pa chumba cha mitambo. Mimi nilizima umeme, nikalifunga kufuli jipya kwenye swichi, ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Kisha akaniomba nisimame nje.

"Nikamwombe mwenyewe," alisema. "Mtani haombwi kwa kinywa cha mwingine."

Mlango ukajifunga. Nilisikia sauti yake ikisihi, ikitaja nasaba za visiwa viwili, mzee kwa mzee.

Kisha nikasikia kicheko.

Kilikuwa cha Sakiusa. Halafu kikawa cha watu wawili. Walicheka kama walivyocheka asubuhi zote mezani kwa Losalini.

"We mwizi," ilisema ile sauti nyingine. "Hili si langu."

Feni ikaanza kuzunguka.

Nilikuwa na ufunguo mkononi. Umeme ulikuwa umezimwa. Feni ikazunguka. Nilisukuma mlango. Haukufunguka. Niliita jina la Yesu. Niliita jina la Sakiusa. Nikaita, hatimaye, jina ambalo sikuliita siku ile: Kaminieli! Kaminieli, umo?

Hakuna aliyejibu. Feni ikasimama. Mlango ukalegea wenyewe.

Chumba kile hakina dirisha wala mlango wa pili. Swichi ilikuwa imezimwa, na kufuli nililonunua lilikuwa limefungwa kama nilivyoliacha. Ndani ya feni hapakuwa na kitu, hata tone. Sakiusa hakuwemo. Polisi walifungua kila bomba la hewa, wakabomoa dari. Mke wangu hana kaburi la kulilia mpaka leo.

Kilichobaki ni hiki. Nyuma ya feni sakafu ina vumbi la miaka, mahali ambapo hakuna afagiaye. Juu ya vumbi lile palikuwa na nyayo za watu wawili, pekupeku, zikienda sambamba kuelekea ukutani. Hazikurudi. Na nyayo za mmoja wao zilikuwa za visigino tu, kama za mtu anayevutwa kwa mkanda.

Enyi mlio hai! Msiniulize ukuta ule unaelekea wapi. Jiulizeni mmeshika nini cha jirani yenu mkikiita utani. Sheria ya kale ilimwamuru mjenzi azungushe ukuta juu ya paa lake, mtu asianguke, damu isije juu ya nyumba yake; na wewe unazidharau kanuni zilizobandikwa mlangoni pa kazi yako? Kesho asubuhi andika jina lako kwa mkono wako. Ufunguo wako usikuache. Ukikuta swichi haina kufuli, usiseme hakuna mtu: ingia, inama, tazama, ita. Na ulichokichukua kwa ndugu yako, inuka sasa hivi, kabla ya sala ya mwisho, ukakirudishe mkononi mwake, mkono ungali na joto.