Pumzi Isiyokuwa ya Masila

Pumzi ilisikika kabla ya neno la kwanza. Macharia alirudisha rekodi nyuma, akaicheza tena, akaongeza sauti ya spika. Ilikuwa pale pale: mtu akivuta hewa polepole, kama anayejiandaa kupiga mbizi, halafu ndipo sauti ya Masila ikaingia.

"Hiyo ni wewe?" Macharia aliuliza.

"Zii. Mimi nilivuta nikiwa nimegeukia ukuta. Si ulikuwa unaniona?"

Macharia alikuwa anamwona.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja kisicho na dirisha, orofa ya juu ya jengo kuukuu karibu na River Road. Kuta alikuwa amezibandika trei za mayai na vipande vya godoro ili sauti isitoroke. Mwenye jengo alimpangisha kwa urahisi wa ajabu, na alipoulizwa nani alikaa humo kabla yake, alijibu tu kwamba ni fundi cherehani aliyeondoka siku moja bila hata kufunga mlango.

Masila alikuwa kijana wa Riruta, mtoto wa Syokau, mjane aliyeongoza kwaya ya kanisa lao. Kila Jumamosi vijana walikutana Jamhuri, nyuma ya uwanja wa maonyesho, kushindana kwa mistari, na mwaka ule wa 2004 hakuna aliyetaka kusimama baada ya Masila. Wengine walikariri, yeye alitunga papo hapo, akikutazama machoni, mpaka ukacheka kwa mambo yako mwenyewe. Alikuwa na kipaji cha kweli. Hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema mengi.

Alirudi kwenye maiki akicheka. Akainama, akasema kwa utani, "Wewe unayepumua hapo, karibu ndani. Chukua chenye unataka, bora hii ngoma itoboe."

Macharia alicheka pia. Kisha akanusa. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya nywele zilizoungua. Alikagua nyaya zote, akagusa kila soketi. Hakuna iliyokuwa na joto.

Waliporekodi upya, pumzi haikuwapo. Badala yake, chini ya sauti ya Masila, sauti ya pili ilikuwa inamfuata, mwanamke akivumisha wimbo midomo ikiwa imefumba. Ilikuwa nzito na tamu, ya kukufanya ukumbuke mtu uliyempenda.

"Manze, hii imetoka wapi?" Macharia alinong'ona.

"Sijui. Toa."

"Nitoe? Buda, sikiza vizuri. Hii ndio ngoma."

Masila alisikiliza. Hakuitoa.

Wimbo ulitoboa. Maduka ya kanda Mtaa wa Luthuli yaliufungulia spika nje kutwa nzima. Vinyozi wa Riruta, watangazaji wa redio, watoto wa shule za Uthiru wakivuka Waiyaki Way, wote waliimba mistari ya Masila, lakini ukiwauliza wanapenda nini hasa, walisema ile sauti ya mama inayovuma huku nyuma. Watu wazima walilia wakiisikia, wasijue wanalilia nini. Masila aliitwa kwenye maonyesho makubwa, akapigwa picha, akasalimiwa na watu ambao zamani hawakumjali.

Jumapili iliyofuata ile siku ya kurekodi, kabla wimbo haujafika redioni, Syokau alisimama kanisani kuanzisha wimbo wa kwaya. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama, na waimbaji wakabaki wakimtazama. Madaktari walimulika koo lake wakasema ni zima. Wakampa dawa za mafua, kisha wakaacha kumpa chochote. Mchungaji alikuja akaomba nyumbani, akarudi, akaomba tena. Syokau alibaki bubu.

Masila alimnunulia televisheni. Alikuja nyumbani kila alipopata nafasi, akakaa naye, akamshika mkono, na wimbo wake ulipochezwa redioni mama yake aliinuka akaenda nje. Masila alidhani ni kelele zinamsumbua.

Baada ya miezi kadhaa redio zilianza kuuliza kuhusu wimbo wa pili. Promota mmoja alikuwa ametaja Afrika Kusini. Macharia alimpigia Masila simu asubuhi, akampigia tena mchana. Alasiri moja ya Alhamisi wakafunga mlango wa studio, na kabla Masila hajavaa hedfoni harufu ile ya nywele ilikuwa imeshafika, kali kuliko mara ya kwanza.

"Unasikia hiyo harufu?" Masila aliuliza kwa sauti ya chini.

"Chini kuna salon," Macharia alijibu haraka. Chini kulikuwa na duka la mabegi.

Walirekodi. Safari hii sauti iliyoingia kwenye kibwagizo ilikuwa ya mtoto, nyepesi, yenye kucheka katikati ya maneno. Macharia aliisikiliza mikono ikiwa kichwani, machozi yakimlenga. "Hii itapita ile ya kwanza," alisema. "Hii itatupeleka mbali, Masi."

Masila alitoka na nakala ya diski. Jumamosi aliipeleka nyumbani. Dada yake Wavinya, aliyekuwa msusi pale Riruta, alikuwa jikoni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kanini haongei," alimwambia. Kanini alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka sita, mtoto wa kuimba akioga, akila, hata akiadhibiwa. "Tangu Alhamisi jioni. Nilifikiri ni koo. Masila, hata kulia hatoi sauti. Machozi tu."

Masila alimtazama mpwa wake aliyekaa sakafuni. Alisema lililo jepesi: "Ngoja nimchezee ngoma mpya. Atachangamka."

Akaweka diski. Mdundo ukaanza, mistari yake ikapita, na kibwagizo kikaingia. Kanini aliinuka. Alitembea mpaka kwenye spika akaiwekea viganja vyote viwili, na mdomo wake ukaanza kufunguka na kufumba pamoja na ile sauti, neno kwa neno, na pale sauti ilipocheka, mabega yake yalitikisika. Kisha akageuka, akaigusa spika kwa kidole, akaligusa koo lake.

Sufuria ilimponyoka Wavinya.

"Zima," alisema. "Zima hiyo kitu! Huyo ni mtoi wangu. Huyo ni Kanini anacheka, mimi namjua vile anacheka!"

Masila alizima. Mlangoni alikuwa amesimama Syokau. Alivuka chumba bila haraka, akatafuta kanda ya wimbo wa kwanza, akaiweka kwenye redio. Sauti ya mwanamke ilipoanza kuvuma, aliweka kiganja kifuani pake, akamtazama mwanawe.

"Mwaitu," Masila alimwita, kwa neno la mama walilozoea tangu utotoni. "Ulijua?"

Syokau aliitikia kwa kichwa.

"Na hukutuambia? Hata kwa kuandika?"

Mama yake alimshika shavu, akalipapasa kama anavyofanywa mtoto aliyefaulu mtihani. Hapo Masila akaelewa kwamba mama yake alinyamaza ili asimharibie bahati, akakaa chini, akalia.

Peres, mwenzake Wavinya kazini, ndiye aliyewapeleka Makina, Kibera, kwa Mama Zenabu, mwanamke wa Kinubi aliyetibu watu waliosumbuliwa na majini. Aliwapokea uani akichagua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani alimkaribisha?"

Masila aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Ilikuwa mzaha."

"Yeye hajui mzaha, mwanangu. Ulimwambia achukue anachotaka, naye anachukua kwa watu wako. Huo wimbo wa pili umeshatoka?"

"Bado. Uko kwa kompyuta ya prodyuza. Na hii diski."

Mama Zenabu aliivunja diski vipande viwili, akaweka mchele kando, akainuka. "Basi twende sasa hivi."

Macharia aliwafungulia akitabasamu, kisha akaona ubani na chetezo mkononi mwa Mama Zenabu, tabasamu likaisha.

"Masi, hii ni nini?"

"Tunafuta ile ngoma."

"Tunafuta? Wewe ni mwendawazimu? Hii ngoma ni ya sisi wawili! Nimekula sukumawiki hii miaka yote nikingojea hii ngoma!"

"Kanini amekuwa bubu, Mash. Mwaitu pia. Ulisikia hiyo sauti ukajua si ya mtu. Sote tulijua."

Mama Zenabu alishaufunga mlango, akakiwasha chetezo, na moshi wa ubani ulipopanda harufu ya nywele ilijitokeza kupigana nao. "Vaa," alimwambia Masila akionyesha hedfoni. "Wewe uliyefungua mlango ndiye utakayeufunga. Usimjibu kitu kingine chochote, hata akikuita kwa jina."

Masila alivaa. Kwanza palikuwa kimya. Halafu ikaja ile pumzi, karibu sana, si kwenye hedfoni bali nyuma ya shingo yake, yenye uvuguvugu, na spika zote za chumbani zikafunguka bila mtu kuzigusa na sauti ya mama yake, ile sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miezi, ikamwita, "Masila, mwanangu, unanifukuza mimi?" na kabla hajapumua Kanini akacheka, akacheka pande zote za chumba, nyuma ya trei za mayai, ndani ya godoro, chini ya meza, akisema, "Anko, tuimbe, anko, kuna giza huku, tuimbe tena," na Macharia akaziba masikio akateleza ukutani mpaka sakafuni, na Mama Zenabu akasoma aya zake bila kuinua sauti wala kuishusha, na taa ikafifia ikawa nyekundu kama waya wa jiko la umeme, na katika wekundu ule Masila akaona, upande wa pili wa maiki, mdomo uliofunguka ukimngoja, mdomo tu, usiokuwa na uso.

"Sema!" Mama Zenabu aliamuru.

"Niliyekukaribisha ni mimi," Masila alisema, meno yakigongana. "Na mimi nakutoa. Mwachilie mtoto. Mwachilie mama."

Mdomo ule ulijibu kwa sauti ya Masila mwenyewe. "Nipe changu."

Mama Zenabu alimshika mkono. "Anataka usanii wako," alinong'ona. "Ukiutoa, hutaghani tena mbele ya watu. Ukithubutu, atasikia, atarudi, na njia ya nyumbani kwenu anaijua. Fikiri, mwanangu. Mimi siwezi kukuchagulia."

Masila alifikiri kuhusu Jamhuri siku za Jumamosi, na jinsi neno lilivyokuwa likimjia bila kuitwa, likikaa mahali pake. Hakufikiri sana.

"Chukua," alisema.

Kitu kikavutwa kutoka kooni mwake, kirefu kama uzi unaotolewa kwenye nguo, na taa ikarudi.

"Futa," alimwambia Macharia. Macharia alijivuta hadi kwenye kompyuta huku akilia, akafuta. Simu ya Masila ikaita. Alikuwa Wavinya, na nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa sauti kubwa, akiomba maji.

"Na Mwaitu?" Masila aliuliza.

"Mwaitu bado," Wavinya alisema.

Mama Zenabu alimwaga majivu ya chetezo kwenye karatasi. "Ya mtoto ilikuwa bado mdomoni mwake," alieleza. "Ya mama yako alishaimeza. Kila mahali ule wimbo unapochezwa, yeye anashiba." Akamgeukia Macharia. "Nimemtoa kwa huyu. Kwenye hiki chumba sijamtoa, hiki ni chake. Hama, la sivyo siku moja atachukua kwako na kwa watu wako."

Macharia aliitikia. Hakuhama.

Masila hakurekodi tena. Magazeti yalisema ni ulevi. Mtangazaji mmoja alisema ni kiburi, mwingine kwamba kijana hakuwa na kitu zaidi ya wimbo mmoja. Promota wa Afrika Kusini alipata mtu mwingine. Masila alifungua duka la vifaa vya umeme Uthiru, akaoa Debra, mwalimu wa chekechea, na wateja waliomtambua walimwomba mstari mmoja tu, wa mapenzi. Alitabasamu akawauzia balbu. Wakati fulani alimwambia Wavinya kwamba hajui kama aliwahi kuwa mkali au ni kile kitu tu.

"Ulikuwa mkali kabla yake," Wavinya alimjibu kwa hasira. "Mimi nilikuwa Jamhuri. Mimi nilikusikia."

Mwaka wa 2009 jiji lilipata nyota mpya, kijana aliyerekodi karibu na River Road. Wimbo wake ulikuwa na sauti ya msichana huku nyuma, nyembamba, ya kutia huzuni, na watu waliupenda kupita kiasi. Masila alikuwa akiizima redio kila ulipoanza.

Adhuhuri moja Macharia aliingia dukani. Alikuwa amevaa koti zuri na amekonda. Pembeni yake alisimama binti yake Nyakio, mwenye sare ya shule ya upili. Macharia alifungua mdomo, akaufunga, akamsukuma binti mbele kwa upole.

"Shikamoo. Baba hawezi kuongea," msichana alisema. "Imekuwa tangu wiki jana. Amenileta nimsemee. Anauliza yule mama wa Makina, bado yuko?"

"Mama Zenabu alizikwa mwaka jana," Masila alisema.

Macharia alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Mash, mko na ngoma mpya?" Masila aliuliza. "Mmerekodi nyingine?"

Macharia aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa sakafuni.

"Lini?"

Nyakio alijibu badala yake. "Moja wiki jana, yenye sauti ya mwanamume huku nyuma. Nyingine asubuhi hii. Nilikuwa hapo nikimngoja. Nzuri sana, kuna msichana anaimba, baba akaniangalia tu akaanza ku..."

Alikohoa. Akameza mate, akajaribu tena, na midomo yake ikaendelea kutembea.

Masila aliruka kaunta akamshika mabega. "Sema kitu. Nyakio, sema kitu chochote!"

Msichana alimtazama kwa mshangao, kisha kwa hofu, akajishika koo kwa mikono yote miwili. Mtaani nje mtu alifungulia redio, na ule wimbo wa kijana wa River Road ukaanza.