Félicité na Swali la Ng'ombe

Kila jioni nyumbani kwa Thaddée, katekista wa Nyamianda, zilisikika sauti mbili. Baba aliuliza, binti akajibu bila kukwama. Hivyo ndivyo Thaddée alivyofundisha katekisimu, na hivyo ndivyo alivyomkaririsha Félicité maneno ya Kiingereza. Binti alitaka kuingia shule ya wauguzi ya Kigoma, ng'ambo ya ziwa, na mtihani wa kuingia ulikuwa wa Kiingereza. Shule hiyo haikupokea msichana aliyepita miaka kumi na minane. Félicité alikuwa na nafasi ya mwaka huo tu.

Siku moja akapita jirani yao Ernestine, muuguzi aliyesomea hukohuko.

"Baba Félicité, kujua maana haitoshi," alisema. "Kule wanauliza namna neno moja linaungana na lingine. Uniachie mutoto siku mbili tatu."

"Minye niko nafundisha watu tangu weye haujazaliwa," Thaddée alijibu. "Mutoto iko anajua maneno yote. Aende kwako kutafuta nini?"

Ernestine akaenda zake. Félicité alitamani kumfuata, lakini hakuthubutu kumpinga baba yake.

Mtihani ukaja, na Félicité akashindwa. Alilia hata chakula hakikupita. Hapo Thaddée alimeza kiburi chake, akampeleka kwa Ernestine ili ajue alikosea wapi.

"Walikuuliza nini?" Ernestine aliuliza.

Félicité aliyageuza maswali kwa Kiswahili. "Ndege kwa kiota ni sawa na ng'ombe kwa kitu gani? Maziwa, zizi ao pembe? Nilichagua maziwa. Ng'ombe wa kule mulimani Rurambo si wanatoa maziwa?"

"Wanatoa. Lakini anza na sentensi. Ndege analala mu kiota. Sasa sema vilevile kwa ng'ombe."

"Ng'ombe analala mu... zizi," Félicité alisema polepole.

"Na kinyume cha mukarimu?"

"Nilisema maskini. Maskini hana cha kutoa."

"Maskini anaweza kukugawia muhogo wake wa mwisho! Kinyume kinageuza jambo lilelile. Mukarimu anapenda kutoa. Nani hapendi?"

"Muchoyo."

Thaddée aliinamisha kichwa. Maneno yote hayo binti yake aliyajua. Kilichokosekana kingefundishwa mlango wa pili, kwa Ernestine, na ni yeye aliyeufunga mlango huo. Roho ilimuuma sana.

Mwaka uliofuata Félicité alikuwa amepita umri wa kupokelewa, ikawa zamu ya Generose, mdogo wake. Safari hii Thaddée alimpeleka kwa Ernestine mapema. Nyumbani Félicité ndiye aliyemfundisha. Kwa kila neno alimwambia, "Tunga sentensi kwanza. Kisha utafute kinyume chake." Generose akashinda.

Siku ya safari walimsindikiza bandarini. Meli ilipoanza kuondoka, Thaddée alimgeukia binti yake mkubwa.

"Félicité, ile makosa ilikuwa yangu. Unisamehe."

"Nilishakusamehe, Baba," alisema, macho yake yakiwa kwenye meli. "Lakini nilitaka sana kwenda."