Hita Iliyokaribishwa

Rafiki yangu Levis ni fundi wa gesi pale Suna, na si mwoga kama mimi ninayekimbizwa na bata. Alasiri moja ya mvua aliitwa Muhuru Bay na Beverly, aliyekuwa akiishi na mtoto wake mchanga ndani ya gari lenye kitanda na jiko. Hita ya gesi ilikuwa imegoma.

"Fundi, fanya haraka, yawa, mtoto analia kwa baridi!" Beverly akamhimiza.

Levis alifunga mtungi, akachomoa mpira wa gesi, akatoa na nyaya za betri. Kisha akajiingiza kifudifudi chini ya kitanda, gizani, ilipokuwa hita. Ndani ya hita kitu kikagonga: ta, ta, ta. Kimya. Ta, ta, ta.

"Kumbe kuna mgeni!" Levis akatania. "Karibu, jamaa, ingia!"

"Wewe! Huku hatukaribishi mtu kabla hatujamwona," Beverly akanong'ona, mtoto akimlilia kifuani.

Hita ikanguruma. Hewa ya moto ikampiga Levis usoni, na mpira wa gesi bado ulikuwa mkononi mwake. Mtoto akanyamaza.

Juu ya mgongo wa Levis, mbao za kitanda zikalia, zikabonyea polepole. Akageuza shingo. Miguu ya Beverly ilikuwa kule mlangoni.