Herufi Mbili za Mwisho

Rafiki yangu mchonga mawe si mtu wa porojo, ndiyo maana haya nayasimulia kama alivyonieleza. Gereza la zamani la jiji lao limegeuzwa ukumbusho wa watu waliopotelea humo, na majina yao huchongwa kwenye ukuta wa mawe, katika chumba kilicho chini ya ardhi. Kwa miaka mingi mama yake alikataa jina la kaka yake, aliyepotelea humo, lichongwe pale. "Nikikubali, nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu," alisema. Mwaka huu akachoka kungoja. "Nenda kamwandike mjomba wako," akamwambia mwanawe. "Lakini chonga taratibu."

Akaenda mchana. Umeme ulipokatika, zilikuwa zimebaki herufi mbili tu. Akaweka nyundo chini, akatulia gizani kungoja taa. Lakini milio ya nyundo haikukoma. Ko. Ko. Ko. Ilitoka ndani ya ukuta.

"Mzee!" akamwita mlinzi. "Kuna fundi upande wa pili?"

"Upande upi, mwanangu?" mlinzi akajibu kutoka ngazini. "Huko nyuma ni udongo mtupu. Na wewe unagongaje gizani? Utajikata vidole!"

"Si mimi ninayegonga!"

Milio ikaendelea kidogo, kisha ikakoma, na taa zikawaka. Jina la mjomba lilikuwa limekamilika. Herufi alizochonga rafiki yangu zilikuwa zimezama ndani ya jiwe. Zile mbili za mwisho zilikuwa zimetokeza nje, kumwelekea yeye.