Dinari Usoni

SAA NNE ASUBUHI. Chumba cha nyuma, duka la mikate, mtaa wa Subura, Roma.

Mako alichora ramani kwa kidole kwenye unga. "Saa sita mbadilisha fedha analala. Trofimo anatufungulia mlango wa uani. Tunabeba mfuko, tunapotea."

Trofimo ndiye mtumwa wa huyo mbadilisha fedha. Ameahidiwa kupitishwa bandarini Ostia, akawe huru. 

"Mimi natokaje?" Trofimo aliuliza.

"Na sisi, kaka. Wasiwasi wa nini?"

Skeva, mshirika wa Mako, akacheka. "Mwenzetu atajikojolea huyu! Shika dinari, Trofimo, kama yule mtumwa wa mtia rangi. Bwana kampiga kofi, kumbe mwenzake kashika dinari yenye sura ya Kaisari, na kuipiga hiyo ni uhaini. Kakatwa kichwa. Bwana, si mtumwa!"

"Dunia imekwisha," Mako alisema, akaifuta ramani.

SAA SITA. Mbadilisha fedha alikuwa anakoroma. Mlango ukafunguka. Mfuko ulijaa dinari mpya, zinang'aa. Trofimo alikwapua moja, akaificha kiganjani. Alikuwa ameliona rungu chini ya joho la Mako, na kazi hii haikuhitaji rungu.

Kichochoroni, Skeva akatimka na mfuko. Mako akageuka.

"Mtumwa hahojiwi bila kuteswa, kaka. Utatutaja tu."

Rungu likapanda.

Trofimo akaiinua dinari mbele ya paji la uso. Kaisari, na taji lake la majani, akamkodolea Mako macho.

"Piga! Piga basi, watu waone!"

Mwanamke mmoja aliacha kufua, akatazama. Rungu likaganda hewani. Mako, baba zima lililoua watu kwenye uwanja wa mapigano, lilitokwa jasho. Trofimo nusura acheke.

Ndipo Mako akalishusha rungu, akapaza sauti. "Mwizi! Mwizi huyo! Mtumwa ana dinari mpya!" Akaondoka polepole, kama raia mwema. Shetani mkubwa!

Watu wakamiminika na mawe, na fimbo. Wakamzingira. Hakuna aliyethubutu kurusha. Trofimo alisimama mkono juu, dinari usoni, akiogopa hata kupepesa macho.

"Sasa tunamfanyaje?" aliuliza muuza samaki.

Yule mwanamke akajifuta mikono kwenye nguo. "Tumsubiri. Mkono si utachoka?"

Ulikuwa umeshaanza kutetemeka.