Pumzi Kwenye Jicho la Kijani

Msiniletee habari za kusikia. Mimi nilikuwepo! Macho haya yaliona, na yanaona kuliko tai arobaini.

Asubuhi ya kawaida tu. Mimi na shemeji yangu Tzakal tunakata jiwe la kijani kwa kamba, mchanga na maji. Kamba yangu ilivuma mpaka mamba wakahama mto.

"Shemeji, unakata jiwe au unalibembeleza?"

Hakucheka. Binti yake, Ix Ub, wa miaka sita, tulimzika siku nne nyuma, chini ya sakafu hiyohiyo tuliyokalia. Kikohozi.

Kwetu maiti hutiwa ushanga wa kijani mdomoni, pumzi yake ipate pa kukaa. Tzakal alikuwa nao mmoja tu. Lakini sura ya jiwe ya kuvaa kifuani, aliyoagiza mtawala, ilipungukiwa jicho moja, na mawe safi ya kufaa jicho yalikuwa yameisha. Mimi ndiye niliyemnong'oneza, "Mtilie kokoto, tulipake rangi. Mtoto atajuaje? Mtawala akikosa jicho lile, atachukua lako."

Akakubali. Ushanga ukachongwa kuwa jicho.

Sasa, mchana ule, jua linawaka, Tzakal anaing'arisha sura. Jicho likafanya ukungu. Akafuta. Ukarudi. Jicho lile moja tu.

Unakuja. Unakwenda. Unakuja.

Kisha ukaja kwa vipande vipande, harakaharaka. Kama mtu anayekohoa.

Tzakal akaweka sikio.

"Anahema," akanong'ona. "Shemeji, mwanangu hana pa kukaa."

Akaling'oa jicho. Tukafukua. Kokoto mdomoni lilikuwa la moto. Tukamrudishia ushanga wake, tukamfunika, sakafu ikatulia. Watu wa mtawala wakaja, wakaondoka na sura ya chongo, na hakuna aliyeuliza.

Mbona mnanitazama hivyo?

Haya. Hapo pa kufukua nimetunga. Tzakal alishika jembe kweli, ila mimi nilimkumbatia kwa nguvu, nikamziba mdomo, mpaka wale watu wakaondoka na sura. Sura iliondoka na macho yake yote mawili.

Tangu siku hiyo shemeji ametoboa tundu sakafuni. Kila mchana analala kifudifudi, anapuliza pumzi yake mwenyewe kule chini. Amekonda, jamani. Simtanii tena.

Na hiki ni kipande kilichobaki tulipochonga ule ushanga. Nimekianika juani tangu asubuhi.

Guseni. Kimelowa.